Geti la Mama Chande

Nchi ninayotaka kuisimulia sitaitaja jina. Nimepita nchi nyingi kwa miguu yangu hii, na kila moja ina wivu wake. Nikiitaja moja, nyingine zitanung'unika kwamba zimesahauliwa na zenyewe zilistahili. Basi tuseme ni nchi moja tu, ina bendera, ina wimbo, ina barabara moja nzuri inayotoka Ikulu kwenda uwanja wa ndege, na ina watu wapole sana ambao mpaka leo sijui walimkosea nani.

Neno lao la taifa ni "Hatusimami." Limeandikwa kwenye milango ya shule, kwenye mifuko ya unga, hata kwenye mashuka ya zahanati. Alilitamka Mheshimiwa Mkuu wa Mwendo, ndivyo wanavyomwita kiongozi wao, siku alipoingia madarakani, na tangu hapo kosa kubwa kuliko yote barabarani likawa ni kusimama. Gari likigonga ukuta, hakuna neno, lilikuwa linakwenda. Likitumbukia mtoni, serikali inatuma rambirambi na pongezi pamoja, maana lilikwenda mpaka mwisho. Lakini gari likisimama njiani, na hasa njia ile ya uwanja wa ndege, hilo limelitukana taifa. Hata hendibreki zilipigwa marufuku. Mafundi walipita wakazing'oa kwenye magari yote, na askari vijana wa siku hizi ukiwauliza hendibreki ni kitu gani wanadhani ni aina ya mkate.

Zamani walikuwa wakifunga madereva. Ikaonekana haifai. Dereva akishikwa asubuhi, mchana simu inalia kituoni: huyo mpwa wa fulani, huyo shemeji wa fulani, huyo anataka kuoa kwa fulani. Bunge likakaa, likafikiri kwa bidii mpaka chai ikapoa, likagundua jambo ambalo nchi nyingine hazijaligundua: gari si mpwa wa mtu. Ndipo ikapitishwa Sheria ya Ukamataji wa Vyombo. Kuanzia hapo mkosaji akawa gari. Gari ndilo linalokamatwa, linalowekwa ndani, linalosomewa mashtaka. Dereva ni shahidi tu, anatoa maelezo anakwenda zake nyumbani kwa miguu.

*

Yadi ya kuyaweka magari hayo waliijenga kandokando ya barabara ile ile nzuri, mahali palipokuwa pamekwisha pimwa kujengwa hospitali. Mheshimiwa alikuja kuifungua mwenyewe. Nilikuwepo, nimeketi juani na wenzangu tuliokusanywa kushangilia.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Wako wanaonong'ona: hospitali yetu iko wapi? Nawajibu bila kificho. Hospitali ni nini? Ni mahali watu wanalala! Taifa linalokwenda linaweza kulala?"

"Haliwezi!"

"Basi wagonjwa wetu nawaomba, kwa uzalendo ule ule, wapone."

Tukapiga makofi. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni yangu alipiga makofi kuliko wote, kisha kikohozi kikamshika, akajifunika mdomo kwa kofia, akaona haya kama mtu aliyejamba msikitini.

Kazi niliipata palepale. Mkuu wa Yadi, mtu mnene mwenye sauti nzuri aitwaye Bwana Mbwilo, alipita kwenye mstari wetu akitafuta mtu.

"Mzee, umesoma?"

"Vipande vipande, bwana. Darasa la kwanza nchi moja, la tatu nchi nyingine. La pili sikulikuta."

"Sauti unayo?"

"Ninayo."

"Inatosha."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kanuni za magereza zinataka mfungwa aitwe kila asubuhi na aitikie. Magari hayakuwa yakiitikia. Wakaguzi wakaja, wakaandika kwamba nidhamu ya yadi ni mbovu. Ndipo ukaundwa wadhifa wa Mwitikiaji. Kila asubuhi Bwana Mbwilo anasimama juu ya kreti la soda anasoma namba za magari, na mimi nazunguka, nagonga boneti, nasema, "Yupo!" Kwa lori nilikuwa natoa sauti nzito kidogo. Kwa bajaji naibana pua. Si kwamba niliamriwa, basi tu, mtu akiwa kazini anataka aifanye vizuri.

Na Jumapili ndugu wanakuja kutazama. Ungewaona ungecheka kwanza, halafu ungeacha. Wanakuja na ndoo na matambaro, wanayafuta magari vumbi, wanayaambia habari za nyumbani. Alikuwepo Mzee Kanju, mwenye lori la mchanga. Alikuwa anaketi kwenye ngazi ya lori lake anakula muhogo na kusema nalo. "Wale wajukuu wako wanakusalimu," analiambia tairi. Nilimtania siku moja, "Mzee Kanju, na lenyewe linakuambiaje?" Akanitazama. "Linaniuliza wewe unaitikia badala yake kwa idhini ya nani."

*

Sasa nije kwenye pikapu ya buluu.

Siku hiyo Mheshimiwa alikuwa anatoka uwanja wa ndege. Watoto wa shule walikuwa wamepangwa kandokando ya barabara na vibendera, wengi kiasi kwamba nusu yao miguu ilikuwa juu ya lami. Ving'ora vikaanza kusikika kwa mbali. Mbele ya msafara, kwa bahati mbaya yake, kulikuwa na pikapu ya buluu imebeba kabichi, na ndani yake dereva anaitwa Chande, mtoto wa pekee wa Bi Mashavu wa mtaa wa Kwa Madereva.

Kifua kilimbana. Waliokuwepo wanasema walimwona akishika usukani kwa mkono mmoja, na mwingine ameuweka hapa, juu ya titi la kushoto. Angeendelea kwenda, kama sheria inavyotaka, gari lingeingia katikati ya wale watoto. Hakuendelea. Alilisogeza pembeni polepole, akawasha taa za hatari, akavuta hendibreki, maana pikapu ile ilikuwa ya zamani na yeye alikuwa ameificha hendibreki yake chini ya kipande cha zulia siku mafundi walipopita. Akakiegemeza kichwa dirishani. Akafa hapo, ukuta mmoja tu kutoka mahali palipopimwa kujengwa hospitali.

Msafara ukalazimika kukwepa. Mheshimiwa akayumba kitini. Basi.

Askari walipofika walimtoa Chande kwa heshima, maana sheria iko wazi, dereva si mkosaji. Wakamweka kwenye majani, wakageukia gari. Likakataa kusogea. Walilisukuma, wakalitukana, wakalisomea kifungu. Hakuna aliyefikiria kuinua kile kipande cha zulia. Mwisho wakalifunga mnyororo, wakaliburuta na matairi yamekaza, likilia lami nzima mpaka ndani ya yadi. Ile michirizi miwili myeusi ipo mpaka kesho. Kabichi nazo zilishikiliwa kama washirika, zikaoza zikiwa mahabusu.

Hati ya mashtaka ilisema: kusimama kwa makusudi, kuwa na kifaa cha kusimamia ambacho bado hakijaonekana, na kupepesa taa mbele ya Mheshimiwa kwa namna ya dhihaka.

*

Mtaa wa Kwa Madereva una desturi yake, nami nilikuwa sijaikuta popote. Dereva akifa, matanga hayaanuliwi kwa dua peke yake. Chombo chake lazima kirudi nyumbani. Mtu mwingine wa kazi hiyo anakiendesha mpaka mlangoni, anapiga honi vile vile marehemu alivyozoea kupiga, na mwenye nyumba anatoka kumfungulia geti. Hapo ndipo inahesabika kwamba amerudi, safari imekwisha. Wafiwa wanaoga, mkeka unakunjwa, jamaa wanatawanyika. Pasipo hivyo mtu bado yuko njiani, na mama wa mtu aliye njiani halali kitandani.

Ndiyo maana Bi Mashavu alikuja yadini. Mwanamke mfupi, kaniki imemkaa mwilini, na alama za mkeka mkononi. Bwana Mbwilo akamkaribisha kiti.

"Nataka gari la mwanangu, baba. Si la kukaa nalo. Lije nyumbani tu lipige honi, nimfungulie, kisha mtalichukua."

"Mama, pole sana. Tena sana. Lakini utaratibu ni mwepesi. Gari linatolewa na dereva aliyekuwemo wakati wa kosa. Aje mwenyewe na leseni yake."

"Amekufa."

"Nimesikia, na serikali imesikitika. Lakini hajaleta udhuru."

"Udhuru gani tena, baba? Mtu amekufa."

"Hapo ndipo wananchi wengi mnapokosea. Kufa ni jambo la kwake binafsi. Hapa tunahitaji aandike kwamba hataweza kufika, na kwa sababu gani."

Bi Mashavu alimtazama kwa muda, kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani aliyesema neno baya na hajui ni kama ampige au amwonee huruma. Akaondoka. Alirudi na mjumbe wa mtaa, akarudi na hati ya kifo, akarudi na yule aliyemwosha. Bwana Mbwilo akaisoma hati ya kifo mbele na nyuma, uso ukamng'aa.

"Vizuri sana! Sasa mambo yamebadilika. Kumbe gari limefiwa. Gari lililofiwa na dereva wake ni yatima, na yatima wote wa nchi hii ni watoto wa Serikali. Hongera, mama. Halitatoka kamwe."

Nilikuwa nafagia mlangoni. Nilimwona Bi Mashavu akishika ukingo wa meza, halafu akauachia.

"Naweza kuliona?"

"Jumapili."

*

Basi akawa anakuja Jumapili. Wenzake wanafuta vioo, yeye haigusi pikapu. Anaketi chini, mbele yake, anaitazama. Nikamletea kigoda.

"Ahsante, kaka. Nimezoea chini."

"Mpaka lini, Mama Chande?"

"Mpaka afike." Akanyoosha kaniki yake. "Jamaa wamechoka wamekwenda zao, siwalaumu. Kila jioni nasikia magari ya watu yanapita. Honi yake naijua. Alikuwa hapigi honi kama watu. Pi-pi, halafu moja ndefu. Pi-pi, piiii. Na mimi hata kama naungua jikoni naitika, 'Nakuja, baba!' Nikichelewa anapiga tena. Mbishi yule. Nikamwambia, shuka ufungue mwenyewe, wewe si mfalme. Anasema, 'Mama, nikifungua mwenyewe nitajuaje kama nimefika?'"

Akacheka. Kicheko kikamgeukia, akaficha uso kwenye kaniki. Nikashika ufagio nikafagia mahali nilipokwisha fagia.

Kesho yake asubuhi Bwana Mbwilo alipoita namba ya pikapu ya buluu, niligonga boneti na neno "Yupo" likakataa kutoka. Likatoka kidogo tu.

"Sauti, Mwitikiaji!" akafoka. "Huyo mahabusu anaumwa?"

*

Siku ya kesi ikatangazwa. Mahakama ya Vyombo huja yadini yenyewe, maana gari haliwezi kupanda kizimbani. Walijaribu mara moja, kizimba kikavunjika na karani akaumia. Hakimu anakaa chini ya turubai. Shtaka likisomwa, gari linaulizwa kama limekosa. Likipiga honi, limekiri. Likinyamaza, linahesabiwa kaidi, na kesi inaahirishwa mpaka litakapokuwa tayari kusema. Kwa kuwa gari halina mkono, Mwitikiaji ndiye anayelibonyezea honi.

Nilikuwa nimebonyeza honi nyingi tangu niajiriwe na hakuna hata moja iliyolia. Betri zote zilikuwa zimekufa. Hakimu alikuwa akiandika "kaidi" kabla sijainua mkono. Na hiyo ndiyo ilikuwa salama yao, maana gari linalokiri linapelekwa kwenye mashine kule nyuma ya yadi, linabanwa mpaka linakuwa kipande kama godoro lililokunjwa, na vipande hivyo wanajengea Mnara wa Mwendo. Mnara huo ndicho kitu pekee katika nchi ile kilichoruhusiwa kusimama.

Jumapili kabla ya kesi Bi Mashavu aliniuliza, "Kaka, honi hailii kwa nini?"

"Betri, Mama Chande. Ni bora isilie. Ikilia wanaibana."

"Na isipolia?"

"Itabaki hapa. Utakuja kuitazama."

"Mpaka lini?"

Mzee Kanju, aliyekuwa anatafuna muhogo wake kwenye ngazi ya lori, akajibu yeye.

"Mpaka uote majani na wewe. Nitazame mimi."

Bi Mashavu akatikisa kichwa. "Mwanangu yuko njiani na jua lote hili. Sitaki kuitazama. Nataka afike."

Mzee Kanju aliacha kutafuna. Aliteremka akazunguka nyuma ya lori lake, akakaa huko kitambo. Alikuwa ameficha betri chini ya kiti siku ile lilipokamatwa, na kila Jumapili akiwasha redio ya lori kwa siri ili lisikilize salamu za wagonjwa. Alirudi ameikumbatia ndani ya koti kama mtu aliyeiba kuku.

"Chukua. Na lori lenyewe limekubali," akaniambia, akatazama pembeni. Jioni ile nikaifunga kwenye pikapu.

*

Siku ya kesi kila mshtakiwa anaruhusiwa kuletewa kitu kimoja kutoka nyumbani, cha kumfariji. Wengi huleta tambara. Bi Mashavu alikuja na mkokoteni, na juu ya mkokoteni geti la nyumba yake, la bati, limepakwa rangi ya kijani, na fremu yake na komeo lake. Askari wa langoni alipekua kanuni. Zilikataza mafuta, spana na jeki. Juu ya mageti hazikusema kitu.

Alisaidiwa kulisimamisha mbele ya pikapu, akaliegesha kwa mawe. Akalifunga komeo. Kisha akasimama upande wa pili, nyuma ya geti, tusimwone ila miguu.

"Ni nini hicho?" akauliza Hakimu.

"Geti la nyumbani, mheshimiwa," sauti ikatoka nyuma ya bati. "Mwanangu hajafika bado."

Hakimu akamtazama Bwana Mbwilo. Bwana Mbwilo akamsogelea Bi Mashavu, akainama, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema bila sauti yake nzuri.

"Mama, nakuomba. Betri nimeiona, nimejifanya sijaiona. Mwambie Mwitikiaji asibonyeze. Likilia limekwisha, hutaliona tena."

"Nenda kasimame, mwanangu. Usije ukagongwa na geti."

Shtaka likasomwa, refu, mpaka kwenye dhihaka ya taa. Hakimu akauliza, "Gari, umekosa au hukukosa?"

Niliingia kwenye pikapu. Kiti kilikuwa kimebonyea kwa mtu mwenye mabega mapana kuliko yangu. Nikaweka kiganja kwenye honi.

Pi-pi. Piiii.

"Nakuja, baba!" Sauti ile haikuwa ya mtu aliye mahakamani. Ilikuwa ya mtu aliye jikoni, mikono ina unga. "Nakuja! Leo umechelewa hivyo?"

Komeo likagongana. Geti likafunguka, upande mzima. Bi Mashavu akatoka, akaja mpaka dirishani kwangu, akapitisha mkono mbele ya kifua changu kama vile sipo, akainua kipande cha zulia, akakibonyeza kitufe na kuishusha ile hendibreki. Pale pana mteremko kidogo. Pikapu, ambayo askari wote wale hawakuisogeza ila kwa mnyororo, ikaguna, ikajiviringisha na matairi yake mabovu, ikapita getini, ikajisimamia.

Akaweka mkono juu ya boneti.

"Pole na kazi, mwanangu. Umefika."

Akafunga geti nyuma yake. Watu wa Kwa Madereva waliokuwa wamejaa ukutani wakasema kwa pamoja, polepole, "Amefika." Mzee Kanju akavua kofia. Bwana Mbwilo alikuwa akifuta macho kwa mgongo wa mkono, akawaambia askari wake kwamba yadi ina vumbi na mtu lazima aandikiwe onyo.

Hakimu akaandika hukumu. Gari limekiri. Aidha, limeondoka lilipokuwa bila kibali, mbele ya mahakama yenyewe. Libanwe mara moja.

Bi Mashavu hakungoja kutazama. Alikwisha kugeuka, anatembea kwenda nyumbani, na mimi nasikia mashine inaunguruma nyuma.

Geti nalo likakamatwa, kwa kosa la kusimama.

*

Kesho yake asubuhi Bwana Mbwilo alipanda kwenye kreti akasoma namba mpya. Ikafika zamu ya geti la kijani, lililoegemezwa ukutani kati ya bajaji na lori la Mzee Kanju. Akaisoma namba yake. Nikalisogelea, nikaliinulia mkono niligonge. Nikaona lile komeo. Nikaushusha mkono, nikamrudishia Bwana Mbwilo ufagio, nikachukua mfuko wangu.

"Mzee, unakwenda wapi?"

"Nakwenda tu, bwana. Si ndiyo sheria?"

Akanifuata mpaka langoni, akaninong'oneza neno la kumpelekea Bi Mashavu. Njia ya kutokea mjini inapita Kwa Madereva. Nilimkuta Bi Mashavu anafagia uani. Ameoga, amevaa kanga yenye rangi, kitanda kimetolewa nje kinaota jua, na mkeka umekunjwa umesimamishwa ukutani. Mbele ya nyumba palibaki nguzo mbili tu, na kuku wa jirani wanaingia na kutoka watakavyo.

"Mama Chande," nikasema, "Bwana Mbwilo amenituma. Anasema ukipeleka maombi, geti utarudishiwa. Atalisimamia mwenyewe."

Aliacha kufagia, akaziangalia zile nguzo.

"Mwambie ahsante, akae nalo tu," akasema. "Sina tena wa kumfungulia."